Miezi ya kusubiri matokeo itumike karakana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wanafunzi wa mkoa wetu wa Kigoma wanaotamani uhandisi, pamoja na wazazi wao. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai ya mwaka unaofuata. Katika kipindi hicho, wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto tuisheni ili waanze mapema Fizikia, Kemia na Hisabati. Sipingi tuisheni, maana asiyeiweza hisabati atakwama mapema katika fani hii. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya miezi hiyo itumike karakana, iwe katika kozi fupi ya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) au kwa fundi wa mtaani ambaye kazi yake inaaminika.

Katika karakana ninayofanyia kazi alifika kijana aliyefaulu Fizikia vizuri sana. Nilimkabidhi shafti ya pampu, yaani mhimili wake unaozunguka, na vanieri kalipa, kifaa cha kupimia unene na kipenyo, akasoma kipimo bila kusita, kwa kuwa kifaa hicho alikwisha kukichora daftarini mara nyingi. Hata hivyo hakuwa amefuta grisi, na alipima mahali pamoja tu. Nilipomtaka aisafishe, aizungushe na apime tena sehemu kadhaa, aligundua mwenyewe kwamba shafti imelika upande mmoja, pale pale inapokaa beringi inayoishikilia ikizunguka, na kwamba beringi mpya tuliyokwisha kuinunua isingesaidia kitu. Kwa kipimo chake cha kwanza, mtihani ungempa alama zote.

Hata pasipo karakana yenye mashine, Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, wapo mafundi wanaounda maboti na kuyakalafati, yaani kuziba nyufa zake. Mwanafunzi akakae nao, aulize kwa nini injini imewekwa pale ilipowekwa na mzigo unapakiwa vipi, kisha arudi nyumbani achore alichokiona kwa mkono, aandike vipimo, na ajaribu kukokotoa mwenyewe. Meli kongwe ya Liemba ya ziwa hilo nayo ina somo: Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe na adui waliipaka mitambo yake grisi nzito, na ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo hiyo ilikuwa bado inafaa. Sijui kama kuna sura ya kitabu inayofundisha matunzo vizuri kuliko hiyo.

Wazazi wasiione njia ya ufundi kuwa ya walioshindwa. Kijana anaweza kupitia cheti na stashahada, kwa mfano katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, na baadaye akasoma shahada. Shahada yenyewe huchukua miaka 4, na hata baada yake Bodi ya Usajili wa Wahandisi hutaka mhitimu apate uzoefu wa kazi chini ya usimamizi kabla ya kumsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Kipindi hicho humwelemea aliyeshika spana kwa mara ya kwanza akiwa chuoni. Mabinti nao waruhusiwe kuja. Mashine ya kukereza haiulizi jinsia.

Mwisho, nawaomba wenye karakana, pamoja na makandarasi wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, watenge nafasi chache kwa vijana hawa, wawape miwani na viatu vya usalama kabla hawajasogelea mashine, na wasiwafanye wafagizi na wachota maji tu hadi muda wao uishe.

Fundi mitambo na mzazi,
Mwanga, Kigoma.