Jumamosi: lile tufaha la Jonas

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunaanza riwaya ya The Giver ya Lois Lowry (1993). Someni hadi sura ya 10 tu, na mliokwisha kumaliza, msiwamalizie wenzenu uhondo!

Sura ya 3 ndiyo nataka tukae nayo. Jonas, mhusika mkuu, miaka 11, anarushiana tufaha na rafiki yake Asher. Likiwa hewani linabadilika, kufumba na kufumbua limerudi lilivyokuwa. Kimebadilika nini? Hana hata neno lake. Analibeba kimyakimya mpaka nyumbani, analikagua kwa kioo cha kukuzia. Wapi! Siku hiyohiyo spika ya jamii yao inatangaza: vitafunwa ni vya kuliwa, si vya kuficha. Jina halitajwi, lakini wazazi wanajua ni nani.

Halafu sura ya 10, chumbani kwa mzee anayemfundisha, anakuta kuta zimejaa vitabu, wakati kila nyumba ya jamii yao ina vitatu tu, kimojawapo cha kanuni. Mimi nasema tufaha lina hatari kuliko vitabu vyote vile, maana vitabu anaonyeshwa, tufaha kaliona mwenyewe. Mnaobisha, njooni na kurasa zenu.

Aliyechukua nakala yangu yenye jalada lililochanika airudishe kabla ya Ijumaa, jamani. Kuna mtu anaisubiri.