Bega la mama mdogo

Ujiji, Kigoma
14 Agosti 2022

Kwako shoga yangu Mwajuma,

Hujambo huko Tabora? Sisi tu wazima, ila mama mdogo bado na bega lake. Siku ile ya chanjo ya UVIKO, Agosti mwaka jana, alichomwa juu mno, karibu na kiungo chenyewe. Usiku ule hakulala. Leo asubuhi nimemkuta mwaloni Kibirizi, kasimama mbele ya beseni la dagaa, anasubiri apite mtu amtwishe. Yeye, aliyekuwa akijitwisha mwenyewe! Mkono ukifika usawa wa kifua unagoma. Hata mtandio hufungwa na mjukuu.

Uliniandikia kwamba akidai fidia atawatia watu woga, wakimbie chanjo. Hapo sikubaliani nawe. Wanangu wote wamechanjwa surua, na wakiitwa kesho nitawapeleka. Lakini mtu akiumia katika jambo tuliloitiwa wote kwa faida ya wote, haifai aachiwe mzigo peke yake. Uingereza waliliwekea sheria tangu 1979, ingawa wanadai ulemavu ufike asilimia 60, na hapo wengi hukwama. Marekani wana mfuko wao wa fidia tangu 1988, unaojazwa na kodi ya chanjo zenyewe, na bega la namna hii hasa waliliingiza kwenye orodha yao ya madhara yanayolipiwa mwaka 2017, mradi maumivu yaanze ndani ya saa 48. Ya mama mdogo yalianza kabla ya magharibi.

Chanjo yetu ile ilikuja kwa COVAX, mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo za UVIKO, nao una fidia yake kwa nchi 92, yetu ikiwamo. Hawaulizi nani kakosea. Yule muuguzi kijana aliyemchoma hatapelekwa mahakamani, na hilo ndilo lililomtuliza mama mdogo. Wanachotaka ni ushahidi wa daktari kwamba ulemavu ni wa kudumu na umetokana na chanjo. Karatasi, Mwajuma! Cheti cha chanjo anacho, kakiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Ila zahanati waliandika "maumivu ya mkono", wakampa vidonge, basi. Sindano haikutajwa popote.

Ndiyo maana nakusumbua. Shemeji yako daktari wa mifupa, tafadhali muulize kama atakubali kumpima na kuandika kwa kirefu: mkono upi, ulianza lini, unainuka hadi wapi. Nauli ya treni tumeshaichanga. Ukisema njooni, tunakuja.

Wako,
Zaituni