Bendi ya Custer haikuwapo Little Bighorn

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo ambalo filamu za Kimarekani zimewaaminisha wengi: kwamba Luteni Kanali Custer na Kikosi cha 7 cha Wapanda Farasi cha jeshi la Marekani waliingia vitani Little Bighorn, Montana, Juni 25, 1876, huku bendi ikiwapigia wimbo wa Garryowen. Bendi haikuwapo. Iliachwa kambini kwenye Mto Powder, na farasi wake weupe wakagawiwa askari waliokosa farasi. Ndiyo maana kiongozi wa bendi, Mwitaliano Felix Vinatieri, alinusurika, ilhali Custer na askari aliokuwa nao waliuawa.

Wimbo wenyewe asili yake ni Ireland, karne ya 18. Garryowen ni kitongoji cha mji wa Limerick, na maneno yake ya zamani yanawasifu vijana walevi wavunja taa za mitaani. Kwa farasi unafaa sana: kila baa, yaani kipimo kimoja cha muziki, ina mapigo sita, matatu-matatu, ta-ta-ta, ta-ta-ta, uzito ukiwa kwenye la kwanza na la nne. Mpigaji asipotimiza yale matatu, mruko wake unakufa.

Vitani ulipigwa kweli, lakini ni Washita, Oklahoma ya leo, alfajiri ya Novemba 27, 1868, kijiji cha Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Amerika, cha chifu Black Kettle kikiwa bado usingizini. Bendi ilipewa amri ipige kama ishara ya kushambulia. Hazikupita baa nyingi, sauti ikakatika kwa baridi kali. Pumzi ya mtu ina unyevu. Ikigusa shaba ya baridi inakuwa maji, maji yakiganda yanaziba mrija, na vali, vile vitufe vya kubadili noti, zinanasa. Wapiga tarumbeta wa nchi za baridi wanalijua hilo mpaka leo: kipande cha mdomoni hukaa mfukoni kipate joto, chombo hupulizwa hewa ya moto kimyakimya kabla ya zamu, na vidole haviachi kubonyeza vali hata wakati wa mapumziko. Hata pasipoganda kitu, tarumbeta ya baridi hushuka sauti, na bendi nzima hukosa ulinganifu wa sauti.

Askari hawakungoja muziki. Black Kettle na mkewe waliuawa asubuhi ile, pamoja na wanawake na watoto wengine, na mamia ya farasi wa kijiji wakapigwa risasi kwa amri ya Custer.

Tangu 1981 Garryowen ni wimbo rasmi wa Divisheni ya 1 ya Wapanda Farasi ya Marekani. Gazeti likiandika habari za wimbo huu, naomba liitaje Washita.

Msomaji wako,
Tanga