YAH: RAMANI YA JUNIOR 60 ILIYOVUTIKA UPANDE MMOJA

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Idara ya Ramani na Michoro,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua kwenu ramani ya kujengea ndege ya rimoti aina ya Junior 60, ile ambayo tangazo lenu linaiita nakala halisi, kipimo kwa kipimo. Ramani hiyo imevutika kwa urefu wa karatasi kwa takriban asilimia 1.8, na kwa upana haikuvutika kabisa. Simu nimeshapiga na barua pepe nimeshatuma, na majibu niliyopewa ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike barua hii ndefu.

Kwanza ndege yenyewe, maana nina wasiwasi kwamba aliyeandika tangazo haijui vizuri. Junior 60 ilichorwa na Albert Hatfull kwa ajili ya KeilKraft, kampuni ya Uingereza ya ndege za kujenga mwenyewe, ikatoka mwaka 1946. Hiyo 60 ni inchi za mabawa kutoka ncha hadi ncha, yaani milimita 1524. Wakati ule haikuwa ndege ya rimoti. Iliwashwa injini, ikaachwa iruke yenyewe, mwenyewe akaifuata kwa miguu. Rimoti ilitiwa baadaye na watu walioona kwamba ni ndege pole, haina papara hewani. Nyinyi mmeandika "ndege ya rimoti ya 1946". Hilo silidai fidia, ila lirekebisheni.

Sasa vipimo. Mzee mmoja tunayerusha naye ndege alinipa karatasi ya zamani ya Junior 60 iliyotoka ndani ya sanduku la KeilKraft, pamoja na mbavu mbili za bawa zilizobaki, yaani vile vipande vya mbao vinavyolipa bawa umbo lake. Nilizitandika karatasi zote mbili juu ya meza ya kioo, nikapima kwa rula ya chuma. Kwa kuwa mabawa ya ndege hii yameinuka kuelekea nchani, nilitoa kile kinachopungua kwa sababu ya mwinuko. Naliweka wazi mapema ili lisije likarudishwa kwangu kama utetezi. Karatasi ya mzee inatoa mabawa ya milimita 1524, pungufu au zidi ya unene wa mstari wa penseli. Ya kwenu inatoa 1551. Ni milimita 27 zaidi. Lakini upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, unalingana kwenye karatasi zote mbili.

Kijana wenu wa simu, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu, aliniambia kwamba karatasi za zamani husinyaa, kwa hiyo huenda yenye kosa ni ya mzee. Hoja hiyo ina maana na sikuipuuza. Ndiyo sababu nikaziacha karatasi nikashika mbao. Ubavu wa balsa, ile mbao nyepesi ya kujengea ndege hizi, hukatwa ukifuata nyuzi za mti, na mbao kwa upande wa nyuzi zake hairefuki wala haifupiki kwa kiasi cha kuonekana kwa rula. Niliulaza ubavu wa zamani juu ya mchoro wa ubavu kwenye karatasi ya mzee, ukakaa sawasawa. Nikaulaza kwenye karatasi yenu, mchoro ukauzidi kwa takriban milimita nne, ilhali kimo chake ni kilekile.

Na hata mzee asingekuwepo, karatasi yenu inajishtaki yenyewe. Mchoro wa ubavu umelazwa kwa urefu wa karatasi, kwa hiyo umevutika. Lakini mahali ubavu huo unapotakiwa kukaa, kwenye mchoro wa bawa, pamelala kwa upana, kwa hiyo hapakuvutika. Ukikata ubavu kwa kufuata mchoro wenu, hauingii kwenye bawa la mchoro huohuo wenu. Mimi nilikata seti nzima. Balsa inatoka Ecuador, Ndugu Meneja, na hapa Dar huikuti kwenye duka la vifaa vya ujenzi; tunaagiza nje na tunasubiri.

Jibu la pili lilikuwa unyevu wa pwani. Kweli karatasi hunywa unyevu ikatanuka, na Dar unyevu tunao wa kutosha. Ila karatasi ya roli ina nyuzi zinazofuata urefu wa roli, na nyuzi zikilowa hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka. Kwa hiyo karatasi ya plota, mashine ya kuchapa michoro mikubwa, ikipata unyevu hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Yenu imefanya kinyume. Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kwamba ramani ya zamani ilipitishwa kwenye skana ya roli, ikateleza kwenye roli, na mashine ikahesabu mwendo ambao karatasi haikwenda. Kasoro ya namna hiyo hufuata upande mmoja tu, ule ambao karatasi inaingilia.

Ndiyo maana ushauri wa tatu, kwamba nikachapishe upya kwa asilimia 98, haunisaidii. Nikipunguza mchoro mzima, mabawa yatarudi karibu na inchi 60, lakini upana wa bawa, ambao sasa ni sahihi, utapungua. Ni kama kumkata mtu miguu ili suruali imtoshe kiunoni. Faili lenyewe linatakiwa kurekebishwa upande mmoja, na faili mnalo nyinyi.

Sitaki kukuza jambo. Sisemi ndege itaanguka. Pembe ya bawa inabadilika kidogo mno kuleta hatari, na Junior 60 ina huruma kwa makosa makubwa kuliko hayo. Mtu anayejenga ndege ya kurusha jioni uwanjani anaweza kupunguza hapa na kujaza pale akamaliza. Lakini sisi tunaojenga ndege za zamani tunanunua ramani kwa sababu moja: tunataka ndege ileile. Kipande kimoja kifupi cha kiunzi ukikiangalia hutaona tofauti, maana kosa linajificha kwenye vipimo vidogo na kuibuka kwenye virefu, wakati gundi imeshakauka.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe fedha ya ramani pamoja na gharama ya balsa niliyoikata, risiti zote mbili nimeambatanisha. Rekebisheni faili, na kila ramani mnayouza iwe na mistari miwili ya kupimia, mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana, kila mmoja wa milimita 300, ili mteja aweke rula kabla hajashika kisu. Na wote walionunua Junior 60 kwenu waarifiwe. Huenda kuna mtu muda huu anajilaumu kwamba hajui kukata.

Nitasubiri majibu ya maandishi kwa siku 14. Nisipoyapata, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na maneno "kipimo kwa kipimo" bado yapo kwenye tangazo lenu hadi leo asubuhi.

Karatasi yenu ninayo, sijaikunja. Mkitaka kuipima wenyewe, nitaileta ofisini pamoja na ule ubavu, ila ubavu nitaondoka nao.

Wako,
Mteja wenu.

Viambatanisho: nakala za risiti mbili, picha za vipimo.