Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka 2025 na Kilomita 66 za Maryland

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Salaam nyingi. Katiba inanitaka nitoe taarifa ya mwaka mbele yenu, nami naitoa kwa maandishi ili hata wale ambao hawatafika mkutanoni, na najua watakuwa wengi, waisome wenyewe badala ya kusimuliwa.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirefusha. Mkutano wa Februari ulifanyika, futari ya pamoja ilifanyika, tulifiwa mara mbili na mara zote mbili chama kilifika na rambirambi. Mazoezi ya Aprili tulipanda mlima Sugarloaf, na dada katibu alitufundisha kujikagua kupe baada ya kila safari, maana huku kupe ndio wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Namshukuru kwa hilo.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa Appalachian Trail, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu milimani huku mashariki mwa Marekani. Njia nzima ina takriban kilomita 3,500, kutoka Georgia hadi Maine, ikipita majimbo 14. Hakuna kati yetu mwenye likizo ya miezi sita, kwa hiyo mwaka jana nilipendekeza tuanze na Maryland, jimbo tunaloishi wengi wetu: kilomita kama 66 juu ya mgongo wa South Mountain, vipande vinne, wikiendi nne. Wapo waliotaka tuanzie kusini. Mimi ndiye niliyeshikilia tuanzie kaskazini, Pen Mar, ili tumalizie Harpers Ferry. Pale ndipo John Brown alipovamia ghala la silaha mwaka 1859 akitaka kuwakomboa watumwa, na pale, katika chuo cha Storer, walikutana akina W. E. B. Du Bois wa Niagara Movement, waliodai haki za watu weusi, mwaka 1906. Nilitaka watoto wetu wavuke daraja la mto Potomac kwa miguu yao wakiingia mji ule. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba hakuna aliyeitaka siku ile ya mwisho kuliko mimi.

Wikiendi ya kwanza, mwanzoni mwa Mei, tulikuwa watu wazima 21. Tulitoka Pen Mar hadi barabara ya Wolfsville, kama kilomita 16, na mawe ya kule juu karibu na High Rock yaliwatoa wengi jasho. Wikiendi ya pili tulibaki 14. Tulipita Black Rock na Annapolis Rocks, mwamba unaokuonyesha bonde lote la magharibi, na picha mliziona. Wikiendi ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, kilomita zinazokaribia 20, kutoka daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu ya 70, kupitia mnara wa mawe wa Washington uliojengwa mwaka 1827, kushuka Turners Gap hadi Gathland. Tulikwenda watu wanane.

Wanane, ndugu zangu, katika chama chenye wanachama 34 walioandikishwa. Basi ni lile lile, kodi ni ile ile, dola 280 kwa siku, liwe na watu 21 au wanane. Dereva aliniuliza kama wengine wako njiani nikakosa la kumjibu. Wikiendi ya nne, ilipotangazwa kwamba kutakuwa na pilau, walifika watu wazima 17 na watoto sita. Nilifurahi kuwaona. Lakini sitaficha kwamba niliumia pia.

Sasa nifike kwenye jambo la wikiendi hiyo ya nne, ambalo limesemwa sana tangu Juni, na ambalo baadhi yenu mmelisema bila kuniuliza.

Tulikubaliana basi liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na mweka hazina tulikuwa pale kabla ya saa hiyo. Basi liliondoka saa mbili na nusu, kwa sababu tulikuwa tunasubiri watu, na waliosubiriwa wanajijua. Tulianza kutembea kutoka Gathland saa nne. Saa tano, tukiwa tumepanda kama kilomita tatu, tulisikia ngurumo upande wa magharibi. Nikasimamisha msafara nikaanza kuhesabu. Kati ya mwanga wa radi na mlio wake nilipata sekunde 25. Dakika chache baadaye nilipata 15, kisha nane. Sauti husafiri kama kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Sekunde 30 ndio mpaka wa kutafuta mahali salama, na sisi tulikuwa tumeshaupita kabla hata sijamaliza hesabu ya kwanza.

Mbele yetu palikuwa na mgongo wa mlima hadi Weverton, zaidi ya kilomita saba bila barabara ya lami, na mwisho wake ni majabali yaliyo wazi juu ya mto. Nyuma yetu, kilomita tatu, palikuwa na basi. Lilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimemwambia dereva asiondoke Gathland hadi saa saba. Asubuhi hiyo hiyo nilinung'unikiwa kwamba tunamlipa mtu kukaa bure. Nikaamua turudi. Watu 18 tulirudi, watoto wote sita wakiwemo, na mvua ilitukuta dakika kama tano kabla hatujafika. Tulikaa ndani ya basi madirisha yamefungwa, na watoto wawili walilia kwa mlio ule.

Wenzetu watano walikataa kurudi wakaendelea. Walifika Harpers Ferry saa kumi, wamelowa, wakapokewa kwa vigelegele. Sisi tulipelekwa huko na basi, tukashuka tukiwa tumeshakauka, na hakuna aliyetupigia kigelegele. Mama zetu waliokesha wakipika walikuwa na haki ya kusikitika, na niliwaomba radhi siku ile ile. Narudia kuwaomba hapa. Lakini maneno yaliyofuata kwenye simu, kwamba mwenyekiti ni mwoga na amewanyima watoto siku yao, hayo siyakubali.

Nimeambiwa kulikuwa na banda la kulala wapita njia hapo mbele, tungejisitiri. Banda lipo, nalijua, nilishafika peke yangu mwezi Machi nikikagua njia kwa mafuta yangu. Ni banda la magogo mlimani. Mahali pa kujikinga na radi ni nyumba yenye nyaya na mabomba yanayouongoza umeme ardhini, au gari la bati lenye paa. Banda lile huzuia mvua tu.

Nimeambiwa jua liliwaka saa nane. Kweli, liliwaka. Ngurumo ya mwisho niliisikia saa saba kasoro, na kanuni ni kungoja nusu saa nzima baada yake. Tungeanza upya saa saba na nusu, kilomita 16, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba. Tungefika giza likiingia, na basi lilikodiwa hadi saa kumi na mbili.

Nimeambiwa pia kwamba wale watano walifika salama. Namshukuru Mungu kwa hilo, na usiku ule nilimpigia kila mmoja wao. Mmoja alinieleza kwa kinywa chake kwamba walichuchumaa kwenye mteremko kwa muda mrefu, kila mtu mbali na mwenzake, na kwamba mti ulipigwa mahali ambapo waliuona moto wake. Hilo halikusemwa kwenye pilau.

Na lau basi lingeondoka saa kumi na mbili kama tulivyokubaliana, saa tano ingetukuta tumekaribia Weverton, penye barabara. Mnaotafuta aliyewanyima watoto daraja lao, anzieni hapo. Kifungu cha saba cha katiba kinasema neno la kiongozi wa safari njiani ndilo la mwisho. Tulikipitisha kwa kunyoosha mikono, na kati ya mikono iliyonyooshwa mitatu ilikuwa ya wale watano.

La pili ni kitabu cha chama. Nimeombwa niandike kwamba chama kimemaliza Maryland. Nimekataa. Kitabu kinasema kilomita 50 kati ya 66. Kati ya wale watano, wawili tu walitembea vipande vyote vinne, nao nimewaandika kwa majina, maana wamestahili. Watatu hawakuonekana wikiendi ya tatu. Jina langu mimi limeandikwa 50, pamoja na kwamba safari zote nilizipanga mimi.

Fedha. Ada ni dola 60 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 17, waliolipa nusu ni wanane, na tisa hawajalipa hata senti. Tumekusanya 1,260, tunadai 780. Michango ya safari, dola kumi kwa kila mtu mzima kila wikiendi, ni 580, kwa kuwa watu wawili hawajatoa zao. Jumla ya mapato ni 1,840. Matumizi: basi siku nne 1,120, chakula na vinywaji 310, dawa za kupe, bendeji na filimbi 145, jumla 1,575. Salio la mwaka ni 265, tukijumlisha na 410 za mwaka uliopita benki kuna 675. Mafuta ya safari zangu za kukagua njia, dola 130, sijayadai wala sitayadai. Ila naona vigumu kupokea lawama juu ya gharama ya basi kutoka kwa mtu ambaye jina lake liko kati ya wale tisa. Sitamtaja. Daftari liko kwa mweka hazina, kila mtu anaweza kulitazama.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutamalizia kipande cha Gathland hadi Harpers Ferry, pengine mwezi wa nne kabla joto halijaanza kuleta mvua za radi. Baada ya hapo tunaweza kufikiria Virginia, labda Shenandoah, ambako njia hukutana na barabara ya mbuga mara nyingi na kuchukua watu ni rahisi. Itategemea fedha, na itategemea watu. Kama mkutano utaona kiongozi wa safari awe mtu mwingine, nitamkabidhi ramani zote na namba ya dereva.

Watoto sita wa siku ile wote wameniambia wanarudi. Mmoja amekuwa akihesabu sekunde nyumbani kila mvua inaponyesha, mama yake ndiye aliyenieleza. Hao nimeshawaandika wa kwanza kwenye orodha ya Aprili. Basi litaondoka saa kumi na mbili kamili.