Taa za mapambo zinaunyima mti usiku wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye hoteli, kumbi na nyumba hapa Dar es Salaam wasiziache zikiwaka usiku kucha taa wanazozizungushia miti. Gharama za umeme ni zao. Ninayemtetea ni mti, ambao nao una saa yake.

Atazamaye mkwaju jua linapozama huviona vijani vyake, vilivyopangana jozi kwa jozi, vikikunjana hata tawi zima likaonekana kama limenyauka, na alfajiri vikafunguka tena. Androsthenes, nahodha wa Alexander Mkuu, alilieleza jambo la namna hiyo katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipofika kisiwa cha Tylos, ambacho leo ni Bahrain. Lakini majani hayaufuati mwanga tu. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, na majani yake yakaendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku. Baadaye, mwaka 1832, Augustin de Candolle alionyesha kwamba mmea usiopata mabadiliko ya mchana na usiku huenda kwa mzunguko wa saa 22 hadi 23, yaani kila siku hulitangulia jua kwa saa nzima au zaidi.

Kinachoirudisha saa hiyo kwenye mstari ni mwanga wa jua, unaopokewa na protini za majani: fitokromu kwa mwanga mwekundu, kriptokromu kwa ule wa buluu. Kwa saa hiyo mmea hujiandaa kutengeneza chakula kabla hakujapambazuka, na usiku huutumia wanga uliowekwa mchana kwa kadiri, ili usiishe kabla ya asubuhi. Mimea mingine, mpunga ukiwemo, huupima pia urefu wa giza ili ijue wakati wa kutoa maua, na mwanga wa muda mfupi tu katikati ya usiku unaweza kukivuruga kipimo hicho.

Huko New York, tangu mwaka 1936 iliripotiwa kwamba miti iliyo karibu na taa za barabarani ilichelewa kupukutisha majani. Taa za barabarani tunazihitaji kwa usalama, ila zifunikwe juu ili ziangaze njia badala ya matawi. Zile za mapambo, ambazo hazimwongozi mtu popote, zizimwe wageni wanapoondoka.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam