Kwako mdogo wangu, kuhusu lile vumbi kwenye kioo cha gari

Mdogo wangu,

Picha yako nimeipata. Kioo cha gari kimejaa vumbi, si manjano, si kijani, ni katikati ya hizo mbili, na wewe umepitisha kidole ukaandika jina la mama. Chini yake ukaniandikia, "Dada, ona Toronto ilivyobadilika rangi." Kwenye simu kila nikianza kukujibu nafuta. Miezi tisa nafuta. Leo naandika hapa, na hapa sifuti.

Mama nilimwonyesha. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na uso, akasema, "Hiyo ni rangi ya avokado, pale nyama inapogusana na ganda." Kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa sababu sote wawili tulijua ni rangi ya nini.

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza wote. Umeeleza vizuri, kama ulivyokuwa ukinieleza masomo ya sayansi pale mezani. Kwamba miti mingi ya barabarani huko, jamaa ya ule wenye jani la bendera ya Kanada, hutoa maua kabla ya majani, na maua yenyewe ndiyo ya rangi hiyo. Kwamba majani yakichipua yanakuwa membamba, bado hayajajaa klorofili, ndiyo maana mji unang'aa hivyo kwa wiki chache tu kabla haujawa kijani cha kawaida. Halafu miti mingine inamwaga chavua mpaka magari yanafunikwa. Mwisho ukasema hujawahi kuiona rangi kama hiyo maishani. Hapo nikaiweka simu chini.

Hujawahi? Ulikulia chini yake.

Mgunga wetu ulikuwa na rangi hiyo mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Gome lake lenyewe lina klorofili, linautengenezea mti chakula hata majani yakipukutika. Ukipitisha kiganja kwenye shina, unga laini unabaki mkononi. Baba akirudi kazini aliegemea pale kuvua viatu, na hakuna koti lake hata moja lililokosa alama ya unga huo mgongoni. Mama alikuwa akimpangusa kwa mkono kabla hajaingia ndani. Na unajua kwa nini ukuta wa jikoni umepinda. Fundi alitaka mti uondolewe, baba akamwambia aupindishe ukuta. Leo ukuta umepinda kuzunguka hewa.

Siku ile ya Agosti nilikuwa nimempeleka mama kliniki. Tulipokuwa tunatoka stejini nikasikia msumeno wa injini, wala sikushtuka. Tangu Nakuru iitwe jiji mwaka 2021, hapa kwetu kila mtu anajenga. Tukafungua geti. Kitu cha kwanza nilichoona ni mwanga. Mwanga ulikuwa mwingi mno pale uani. Shina lilikuwa limelala vipande vitatu, miiba myeupe imetapakaa hadi kwenye ngazi ya mlango, na wewe umeinama unapima ardhi kwa tepu. Mama akaketi juu ya jiwe la kufulia, kadi ya kliniki bado iko mkononi. Ukasema, "Dada, ni mti tu. Hapa vyumba vinne vinaingia." Ukageuka kumwita fundi, na mgongoni mwa shati lako jeupe nikaiona ile alama.

Ulikuwa umeuegemea. Kabla ya kuukata uliuegemea, kama baba. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Nilikaa kuandika hii nikitaka kukushauri tu, kwamba mtu akitoka mbali akae kwanza uani siku mbili bila kushika tepu. Lakini najua utasema uliniuliza. Ndiyo, ulinipigia mwezi mmoja kabla, nami nikajibu, "Tutaona." Sasa wewe, uliyelala chumba kimoja nami miaka yote ile, hujui nikisema tutaona nimekataa? Tena nilikuwa ndani ya matatu, watu wanasikiliza. Na ndiyo, kodi ya vile vyumba inanunua dawa za mama za presha, mimi ndiye naikusanya kila tarehe tano, na sijawahi kusema vyumba ni vibaya. Shangazi wanasema nina wivu. Si wivu. Mtu aliyebaki nyumbani anastahili kuulizwa mara mbili.

Mti wenyewe ulishasingiziwa zamani. Wazungu waliuita mti wa homa kwa kuwa waliopiga kambi chini yake waliamka na malaria, kumbe mbu walikuwa kwenye maji yaliyotuama pale unapopenda kuota. Nami nasingiziwa vivyo hivyo, kwamba nimekufukuza kwenu. Sijakufukuza. Nimekosa tu neno la kuanzia.

Juzi nilipita upande wa mbugani. Ziwa lilivyopanda limelimeza hata geti kuu la zamani, na migunga mingi ya ufukweni imekufa ikiwa imesimama majini, rangi ya majivu. Ile iliyo juu kidogo imeoshwa na hizi mvua za masika, inang'aa kuliko picha yako. Nilikukumbuka bila hasira, labda kwa dakika nzima.

Kando ya mfereji wa vyumba vyako umeota mmoja. Unanifika gotini. Mpangaji wa chumba cha tatu alitaka kuung'oa ili aanike nguo, nikamfokea mpaka nikaona haya. Mama ameuzungushia matofali.

Anauliza kama hilo vumbi lenu lina harufu. Mpigie Jumapili saa mbili usiku, huko kwenu itakuwa saa saba mchana. Simu nitakuwa nimeishika mimi.

Dada yako